Lugha ya Kigeni Vyuoni Mombasa: Lazima Imwangukie Nani?

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 haimtaki mwanafunzi wa Kenya ajue lugha yoyote ya kigeni ndipo apewe shahada. Kijana anaweza kusajiliwa kisiwani Mombasa, akasoma uhandisi au biashara miaka minne, akavaa joho, na asiulizwe hata siku moja kama anajua Kifaransa, Kiarabu, Kijerumani au Kichina. Atalazimishwa kusoma mbinu za mawasiliano, na aghalabu atalazimishwa kusoma kuhusu Ukimwi, lakini lugha ya kigeni ni hiari yake. Na mara nyingi hiari yenyewe ni ya jina tu, maana hakuna aliyeajiriwa kuifundisha.

Wapo wazazi, waajiri na wahadhiri wanaotaka hali hii ikome, kila mwanafunzi alazimishwe lugha moja ya kigeni kabla ya kuhitimu. Naafikiana nao kwamba mambo hayafai kubaki yalivyo. Tunapoachana ni kwenye mtu wa kubebeshwa lazima hiyo. Wao wanaanza na mwanafunzi. Mimi naona ianze na chuo, na mwanafunzi afuate pale fani yake inapomdai.

Sharti la lugha kwa kila anayesomea shahada ni desturi kongwe ya vyuo vya Marekani. Kule mwanafunzi wa kawaida hukua na lugha moja nyumbani, dukani na shuleni, na chuo humlazimisha aonje ya pili ili atambue kwamba dunia haifikiri kwa Kiingereza pekee. Hata huko sharti limekuwa likilegea. Mwaka wa masomo wa 1994–95 asilimia 67.5 ya vyuo vinavyotoa shahada ya kwanza vilikuwa nalo. Kufikia 2009–10 ilibaki asilimia 50.7. Kati ya 2016 na 2021 idadi ya wanaosoma lugha zisizo Kiingereza katika vyuo vya nchi hiyo ilishuka kwa asilimia 16.6. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha West Virginia, kilichokuwa na upungufu wa fedha, kiliamua kuivunja idara yake ya lugha.

Mwanafunzi wa Mombasa si yule wa West Virginia. Anayevuka feri ya Likoni asubuhi kwenda chuoni Tudor ameamka akisema Kidigo na mamake, amebishana nauli na kondakta wa matatu kwa Kiswahili, na ikifika saa mbili atakuwa akifanya hisabati kwa Kiingereza. Kumwambia asome Kifaransa ili akili yake izoee kwamba kuna watu wanaosema tofauti na yeye ni kumfundisha jambo alilolijua kabla hajang'oa meno ya utotoni. Sababu kuu iliyojenga sharti hilo Marekani haipo kwetu. Tukilitaka, sharti tulitafutie sababu zetu wenyewe.

Tukiri pia kwamba sharti lao limetufaa. Kwa miaka mingi programu za vyuo vya Marekani zimeleta vijana Mombasa na Lamu kusoma Kiswahili, wakakaa na familia, wakalipa walimu, na baadhi ya Wakenya wakapata nafasi za kwenda kufundisha Kiswahili huko. Ukimwona kijana huyo wiki ya kwanza akiulizia bei ya mahamri kwa Kiswahili cha kitabuni, kisha ukamkuta miezi mitatu baadaye akipatana bei ya leso bila haya, utajua kwamba lugha inayosomwa kwa masharti inaweza kushika. Ila tazama kilichoishikisha: alisoma saa nyingi darasani, kisha akaletwa kuishi na wenye lugha.

Mji wa Kale wenyewe ulijifunza lugha za watu bila seneti ya chuo kikuu. Majahazi yaliingia na kaskazi, yakangoja kusi ndipo yarudi, na katika miezi hiyo nahodha wa Oman, mfanyabiashara wa Kachi na mwenyeji wa Mvita walikaa pamoja, wakakopeshana, wakaozana. Upepo uliwafunga mahali pamoja kwa muda wa kutosha lugha kuingia. Hadi leo, ukitoka Ngomeni ukaifuata Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, unapita penye watu ambao nyumbani mwao husikika Kikachi, Kigujarati, Kibaluchi au Kiarabu cha Hadhramaut, na wote hukutana barazani kwa Kimvita.

Utalii ulipostawi pwani, historia hiyo ilijirudia kwa njia yake. Vijana wa ufuoni Nyali, Bamburi na Diani wakajua Kijerumani, wa Malindi na Watamu wakajua Kiitaliano, wengi wao wakiwa na elimu ndogo ya shule. Wanaopinga lazima hupenda mfano huu: kama kijana aliyeachia darasa la saba anaweza kumwuzia Mjerumani kinyago kwa Kijerumani, ya nini kumsumbua mwanafunzi na mtihani?

Hoja hiyo ina ukweli, lakini inasahau kwamba lugha ya namna hiyo huishia mdomoni. Haisomi mkataba wala haiandiki barua ya madai. Tena hutegemea mgeni aendelee kuja. Baada ya ghasia za Likoni za 1997, na tena baada ya hoteli kulipuliwa Kikambala Novemba 2002, wageni walipungua, na aliyekuwa na Kijerumani cha kuuzia vinyago hakuwa na pa kukipeleka. Mwenye cheti cha lugha hiyohiyo anaweza kuifundisha, kutafsiri, au kuombea kazi kwingine.

Pa kuona tofauti kati ya lugha ya mdomo na lugha ya karatasi ni ofisi za mawakala wa forodha wanaohudumia bandari ya Kilindini. Bandari hii hupokea mizigo ya Uganda, Sudan Kusini, Rwanda na mashariki ya Kongo. Mfanyabiashara wa Goma au Bukavu akiingia ofisini, salamu haziwi tatizo. Yeye ana Kiswahili chake, wakala ana chake; watachekeana matamshi kidogo, kisha wataelewana bei, siku ya meli kufunga gati na idadi ya malori. Mambo hubadilika faili linapofunguliwa. Mzigo wa Kongo hutakiwa uwe na FERI, hati ya kielektroniki ya taarifa za bidhaa zinazoingizwa nchini humo, iliyo chini ya OGEFREM, shirika la serikali ya Kongo linalosimamia usafirishaji wa mizigo. Hati ni ya Kifaransa. Ankara ya mnunuzi ni ya Kifaransa, na swali linalotoka kwa ofisa wa forodha wa upande wa pili nalo ni la Kifaransa. Hapo kijana mwenye shahada ya uchukuzi na ugavi, aliyeipata papa hapa Mombasa, hushika simu kumtafuta mtu anayekijua, na anayepatikana aghalabu ni Mkongomani au Mrundi aliyekisomea kwao.

Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo ikaingia 2022. Rwanda iliamua kuhamishia elimu yake kwenye Kiingereza tangu 2008, kwa hiyo kwa Kigali dai la Kifaransa limepungua. Kwa Bujumbura na Kinshasa halijapungua. Miaka yote hii bandari imekuwa ikiitazama Kongo, na vyuo vilivyo mwendo mfupi kutoka kwenye mageti yake vikitazama kwingine. Kwa anayesomea uchukuzi, forodha au biashara ya kimataifa mjini humu, Kifaransa ni sehemu ya kazi sawa na uhasibu. Kwake yeye nasema lazima, bila kusita.

Sisemi hivyo kwa baharia. Bandari Maritime Academy, iliyoundwa mwaka 2018 kutokana na iliyokuwa Bandari College, inawaandaa vijana wa kuingia melini, na lugha ya usalama baharini duniani kote ni Kiingereza. Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha misemo yake sanifu ya mawasiliano kwa Kiingereza mwaka 2001. Kumlazimisha kijana huyo Kijerumani ni kumnyang'anya saa za injini na ramani. Tofauti kama hizi ndizo zinazoliharibu sharti moja la jumla. Bandari ni moja, lakini mahitaji ya walio kwenye meli na ya walio kwenye karatasi hayafanani.

Kiarabu kina habari nyingine, na ndicho kinachoniuma zaidi. Mtoto wa Kibokoni au Kuze huanza juzuu akiwa na miaka minne au mitano. Kufikia miaka kumi na miwili amekhitimu msahafu, huenda amehifadhi sehemu kubwa yake, anajua hukumu za tajwidi, na mkono wake unaandika kutoka kulia bila kutetereka. Anafika chuo kikuu akiwa na zaidi ya mwongo mmoja wa kuishi na herufi hizo, na chuo hakimuulizi. Kama hakuufanya mtihani wa Kiarabu wa KCSE, kwenye fomu yake elimu hiyo haipo. Yeye mwenyewe naye, ukimwambia aulize njia au aeleze ugonjwa wake kwa Kiarabu, hukwama, kwa sababu alifundishwa kusoma, hakufundishwa kuzungumza. Ana nusu ya lugha, na nusu aliyo nayo ndiyo inayowatesa wanaoanza ukubwani: herufi, sauti za kooni, na mamia ya maneno ambayo tayari anayasikia katika Kiswahili chake.

Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mtu anayeanza na Kiingereza huhitaji saa 600 hadi 750 za darasani kukimudu Kifaransa kikazi, takriban 900 kwa Kiswahili, na 2,200 kwa Kiarabu au Kichina. Kijana wa madrasa haanzii pale anapoanzia mwanadiplomasia huyo. Chuo kinachomlazimisha aanze lugha mpya kabisa, kikaiacha hii aliyokwisha kuifikisha nusu, kinatupa mali ambayo tayari ililipiwa na wazazi, maalimu na usingizi wa alfajiri.

Wakati huohuo Wakenya wanapanda ndege kwenda Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani, ulinzi, udereva na hoteli, wakiwamo wenye shahada. Sitasema Kiarabu kingewaepusha wote na dhuluma. Dhuluma ina mizizi mingine, katika sheria za kazi na tamaa za mawakala. Lakini mtu asiyeweza kuusoma mkataba wake wala kueleza shida yake kituo cha polisi yuko mikononi mwa anayemtafsiria.

Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichopo Tudor, kilianza kama Mombasa Institute of Muslim Education, taasisi iliyojengwa kwa fedha zikiwamo za Sultani wa Zanzibar na za Aga Khan ili vijana Waislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Ikawa politekniki mwaka 1972, na 2013 ikapewa hati ya chuo kikuu kamili. Profesa Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, aliwahi kufanya kazi katika taasisi hiyo ujanani, kabla hajaenda kusoma Uingereza. Ndiye aliyeueleza ulimwengu mwaka 1986, katika mfululizo wake wa televisheni, kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi. Darasani, vyuo vya mji wake bado vinafundisha kwa lugha ya urithi mmoja.

Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliingia kwenye suala hili kwa vitendo. Mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, likitoka kwa Kiswahili na Kiarabu, kwa wasomaji wa mji huuhuu. Aliandika pia historia ya Wamazrui wa Mombasa, kwa Kiarabu. Mswada huo ulitolewa kitabu pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995, Uingereza. Kwa hiyo mwanafunzi wa historia aliyezaliwa Mji wa Kale, akitaka kumsoma Kadhi wa mji wake akisimulia habari za mji wake, humsoma kwa Kiingereza, na kama mfasiri amekosea mahali, hana njia ya kujua.

Si Kiarabu pekee. Mfaransa Charles Guillain alichapisha mwaka 1856 kazi kubwa juu ya historia na biashara ya pwani hii. Mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa Mjerumani. Justus Strandes aliandika habari za Wareno pwani kwa Kijerumani mwaka 1899, na tafsiri ya Kiingereza ikangojwa hadi 1961, miaka 62. Juu ya lango la Ngome ya Yesu yenyewe pana bamba la mawe lenye maandishi ya Kireno. Ni majigambo ya Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekabidhiwa ngome mwaka 1635 akiwa na umri wa miaka 27, baada ya Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa kuwaasi Wareno mwaka 1631 na kuitwaa. Kapteni huyo anaorodhesha aliowatiisha, na anataja adhabu aliyozipa Pate na Siu. Makundi ya wanafunzi hupita chini ya bamba hilo katika ziara za masomo, wakaelezwa yaliyomo, wakaandika walichoelezwa. Walioadhibiwa pale ni mababu zao, na ushahidi umechongwa juu ya vichwa vyao.

Sidai kila mwanafunzi ajue Kireno. Namdai anayetaka kuitwa mwanahistoria wa pwani. Kumpa mtu shahada ya uzamili katika historia ya Mombasa bila lugha hata moja ya nyaraka zake, iwe Kiarabu, Kireno, Kijerumani au Kifaransa, ni kumtoa akiwa anategemea macho ya wengine. Hapa napo nasema lazima.

Kijerumani kina msukumo wa sasa. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, na tangu hapo matangazo ya madarasa ya Kijerumani yamejaa mjini. Ni vyema, ila vijana waambiwe ukweli kamili: muuguzi anayetaka leseni kamili Ujerumani kwa kawaida huhitaji ngazi ya B2 katika vipimo vya lugha vya Ulaya, vinavyoanzia A1, na B2 ni mamia ya saa. Cheti cha A1 cha miezi miwili hakimpeleki wodini.

Kichina nacho kimekuja na reli. Treni ya SGR ilizinduliwa Mombasa tarehe 31 Mei 2017, ikiwa imejengwa na China Road and Bridge Corporation. Taasisi ya Confucius ilikuwa tayari imefunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005. Sina neno na anayekisoma. Nina neno na mtindo wa kuchagua lugha kwa kuangalia nani ametoa walimu wa bure. Redio ya China ilianza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1961, miaka miwili kabla ya uhuru wa Kenya, kwa hesabu zao wenyewe na walimu waliowaandaa wenyewe. Nasi tuwe na hesabu zetu.

Hesabu hizo zikifanywa kwa uaminifu, zitaonyesha pia kwamba lugha inayokosekana kazini pengine si ya kigeni kabisa. Kuanzia 2006, na zaidi baada ya 2009, mahakama za Mombasa zilisikiliza kesi za uharamia wa baharini, na hata ukajengwa ukumbi maalumu wa mahakama Shimo la Tewa, uliofunguliwa Juni 2010. Washtakiwa walikuwa Wasomali. Ibara ya 50 ya Katiba humpa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya mahakama haki ya mkalimani bila malipo, na Kisomali ni lugha inayosemwa na mamilioni ya Wakenya. Hata hivyo ni wanasheria wangapi wanaokisomea? Ibara ya 7 inaitaka serikali iendeleze Lugha ya Ishara ya Kenya. Muuguzi anayempokea mama kiziwi katika wodi ya uzazi anaihitaji lugha hiyo kuliko Kihispania. Sharti lolote litakaloandikwa lisizipe mgongo lugha hizi kwa kuwa hazijavuka bahari.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua yote, nalo ni saa. Kozi moja ya muhula katika vyuo vyetu huwa na saa 42 hadi 45 za darasani. Ikitangazwa leo kwamba kila mwanafunzi lazima asome lugha ya kigeni, najua kitakachotokea: kozi moja, mwaka wa kwanza, ukumbi wa watu mia tatu, mhadhiri wa mkataba, mtihani wa kuchagua jibu. Mwanafunzi atajifunza kujitambulisha, kuhesabu hadi mia na kutaja siku za wiki, atapata alama, na kufikia mwaka wa tatu atakuwa amesahau hata siku hizo. Saa 45 hazifikishi mtu hata A1 iliyo imara. Wazazi watakuwa wamelipia, chuo kitakuwa kimetimiza agizo, na lugha haitakuwepo.

Saa tano kwa wiki, wiki 14, mihula sita, ni saa 420. Kwa Kifaransa au Kijerumani, hizo zinaweza kumfikisha mwanafunzi mwenye bidii B1, mahali anapoweza kuandika barua ya kazi na kusoma hati. Ni saa nyingi. Zitalazimisha baadhi ya kozi kutolewa, au shahada kuongezwa uzito. Anayetaka lazima kwa wote na hayuko tayari kwa bei hiyo anataka jina la lazima tu.

Isidhaniwe kwamba nachukia lazima yenyewe. Kenya ina mfano wake bora. Kabla ya 1985 Kiswahili kilikuwa somo la kukwepeka katika shule nyingi za nchi hii. Ripoti ya tume ya Mackay ya mwaka 1981 ikaleta mfumo wa 8-4-4, na tangu 1985 Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa, msingi hadi sekondari. Walimu wakaandaliwa kwa maelfu, wachapishaji wakapata soko, na kizazi kizima cha bara kikaja kuandika insha ambazo wazazi wao wasingeweza. Lazima ile ilifaulu kwa sababu ilidumu miaka kumi na zaidi ya masomo ya kila mtoto, ikafuatwa na walimu, na lugha yenyewe ilikuwa tayari barabarani. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza mwaka 2014 kuwataka wanafunzi wapya wasiojua Kizulu wakisome, kwa kuwa ndiyo lugha ya watu wengi wa jimbo watakalofanyia kazi. Walitazama nje ya dirisha kwanza, kisha wakaandika sharti. Uganda nayo, baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na jambo lililojitokeza mara moja ni uhaba wa walimu.

Uhaba huohuo ungetukuta. Kifaransa, Kijerumani na Kiarabu ni masomo ya hiari katika KCSE, yanayofanywa na shule chache, kwa hiyo wanaofika chuoni wakiwa na msingi ni wachache na wanaotoka kuwa walimu ni wachache zaidi. Watoto wa mtaala mpya wanaruhusiwa kuchagua Kiarabu, Kifaransa, Kijerumani au Kichina, lakini chaguo la kwenye karatasi halina maana shuleni kusiko na mwalimu. Alliance Française ipo Mombasa na inafundisha. Madrasa zipo kila mtaa, na maalimu waliosoma Madina, Khartoum na Cairo wapo. Vyuo havijafunga nao mkataba wa maana.

Ndiyo maana nasema lazima iviangukie vyuo kwanza. Kila chuo kikuu kisiwani kiwajibike kutoa lugha zisizopungua mbili, mojawapo ikiwa Kiarabu au Kifaransa, kwa mihula ya kutosha kufika ngazi inayopimwa na mtu wa nje ya chuo. Kifungue mlango wa mtihani wa kupima kwa aliyekuja na lugha kutoka madrasa, nyumbani au ufuoni, na akifaulu apewe alama zake. Uchukuzi, forodha, utalii, hoteli na historia ya pwani ziwe na lugha ya lazima. Sheria na uuguzi ziwe na lugha ya lazima lakini mwanafunzi achague hata Kisomali au Lugha ya Ishara. Mhandisi, baharia na mwanahisabati waachwe huru, mlango ukiwa wazi kwao. Na chuo kisichoweza kuajiri mwalimu kisithubutu kuandika neno lazima katika mtaala wake.

Mzazi unayejiandaa kulipa karo ya mwaka wa kwanza, nenda ofisi ya usajili uulize mambo matatu kabla ya kutoa pesa: mwanangu atasoma lugha hiyo saa ngapi kwa jumla, nani anamfundisha, na cheti cha mwisho kinatolewa na nani. Ukijibiwa kwa majina na tarakimu, lipa. Ukijibiwa kwamba somo lipo kwenye mtaala, endelea kuuliza.